Seva ya akiba, kura ya tatu na zoezi la kuhama: kupanga kanzidata ya biashara isisimame

Chukua mfano wa duka la jumla la pembejeo: ofisi kuu Mwanjelwa jijini Mbeya, ghala Uyole, matawi Tunduma, Makambako na Iringa mjini. Mauzo, stoo na madeni ya wakulima vyote vimo kwenye kanzidata (database) moja inayoendeshwa na programu ya PostgreSQL, kwenye seva moja iliyo ofisini. Seva hiyo ikizimika saa nne asubuhi mwezi Novemba, mvua zimeanza na foleni ya mbolea iko mlangoni, matawi yote yanarudi kwenye daftari la mkono. Hapa chini ni namna ya kupanga ili kazi ihamie seva nyingine bila mauzo kupotea, na bila kuzaa tatizo kubwa kuliko lile la kwanza.

Namba mbili kabla ya kununua chochote

Muulize mwenye biashara maswali mawili, na majibu yaandikwe. La kwanza: mauzo ya dakika ngapi yuko tayari kuyapoteza kabisa, yasionekane tena popote? La pili: duka linaweza kukaa muda gani bila mfumo kabla hasara haijawa kubwa kuliko gharama ya kuizuia?

Jibu la haraka huwa "sifuri na sifuri". Mpe bei kisha muulize tena. Akikubali kupoteza kazi ya siku moja na kufungua tena baada ya nusu siku, anahitaji bakapu nzuri tu. Akitaka kupoteza chini ya dakika moja na kurejea ndani ya dakika 15 hadi 30, anahitaji seva moja ya akiba inayopokea mabadiliko muda wote, pamoja na mtu anayejua kuihamisha kazi kwa mkono. Akitaka asipoteze chochote na arejee ndani ya dakika moja, hapo ni sehemu tatu tofauti, replikesheni ya kusubiriana (mabadiliko yananakiliwa, na muamala haukubaliwi mpaka seva ya akiba ithibitishe imeupokea) na uhamisho wa kujiendesha (kazi inahama bila mtu kuigusa). Biashara nyingi za ukubwa wa mfano wetu zinatosheka na daraja la pili, ila zinauziwa la tatu likiwa limefungwa nusu nusu, na hilo ni baya kuliko la pili lililofungwa vizuri.

Angalia pia ahadi za asilimia. Asilimia 99.9 kwa mwaka ni saa 8 na dakika 45 za kusimama. Asilimia 99.99 ni dakika 52 tu, na dakika hizo zinaweza kuisha kwa kuzima seva mara moja kubadilisha diski.

Umeme, radi na njia ya mtandao

Seva yenyewe mara nyingi si ya kwanza kufa. Orodhesha kila kitu ambacho seva zote mbili zinakitegemea kwa pamoja, maana hicho ndicho kitakachoziangusha zote siku moja.

Tuanze na umeme. Seva mbili za wati 250 kila moja, swichi na ruta, jumla ni kama wati 550. UPS ya 1500 VA yenye betri mbili za volti 12, ampea-saa 9, ina wati-saa 216 kwenye karatasi. Kwa mzigo huo, betri mpya itakupa kama dakika 10 hadi 13, si 23 unazopata kwa kugawanya, kwa sababu betri ya risasi ikinyonywa kwa kasi haitoi uwezo wake wote. Baada ya miaka mitatu hesabu nusu ya hapo. Kwa hiyo kazi ya UPS ni kuvusha mpaka jenereta liwake, au seva izimike kwa ustaarabu. Funga programu ya NUT iizime seva betri ikibaki kidogo. Kama jengo lina fezi tatu, kila seva iwe na UPS yake kwenye fezi yake; fezi moja kupotea peke yake ni jambo la kawaida.

Radi inaingia kwa waya wa shaba. Kati ya jengo na jengo tumia nyuzi za fiba, hata kama ni mita 40 tu, na uhakikishe eathi ya jengo imepimwa. Seva ya akiba iliyo chumba kimoja na seva kuu, kwenye swichi moja, itakuokoa diski ikifa. Radi ikipiga haitakuokoa.

Kuhusu mtandao, kuwa na kampuni mbili za intaneti si lazima uwe na njia mbili. Nyaya za kampuni zote mbili zinaweza kupita mfereji mmoja kando ya barabara ya TANZAM, na katapila moja la ujenzi likazikata zote. Waulize njia inapita wapi. Wakishindwa kujibu, weka njia ya pili isiyo ya waya, kwa mfano 4G iliyofungwa WireGuard (handaki la siri la mtandao, yaani VPN) ndani yake, na PersistentKeepalive (ujumbe mfupi wa kuonyesha handaki liko hai) uiweke sekunde 25, la sivyo mtandao wa simu utalisahau handaki lako likikaa kimya.

Umbali nao una bei. Mwanga ndani ya fiba unasafiri kama kilomita 200,000 kwa sekunde, hivyo kila kilomita 100 zinakula milisekunde 1 kwenda na kurudi, kabla hujahesabu vifaa vya njiani. Mwanjelwa hadi Uyole ni kama hakuna. Mbeya hadi Iringa, zaidi ya kilomita 300 kwa barabara, huwezi kushuka chini ya milisekunde 3 kwa fiba inayofuata barabara, na uhalisia huwa juu zaidi. Pima mwenyewe kwa ping (kipimo cha muda wa kwenda na kurudi) ya siku nzima, usichukue ya dakika moja. Ikisoma milisekunde 20 na umeweka replikesheni ya kusubiriana, keshia mmoja anayeingiza miamala mfululizo hatavuka miamala 50 kwa sekunde. Kwa mauzo ya kaunta hiyo ni nyingi mno. Kwa kazi ya usiku ya kukokotoa riba za wateja 30,000 mmoja mmoja, ni dakika 10 za ziada za kusubiri tu.

Kura ya tatu

Hapa ndipo mipango mingi inapoharibika. Una seva A Mwanjelwa na seva B Uyole, na umeandika skripti: B isipoisikia A kwa sekunde 30, ijipandishe kuwa kuu. Siku moja waya kati yao unakatika. Zote ni nzima. B inaamini A imekufa, inajipandisha. Tunduma bado inaiona A na inaendelea kuiandikia. Iringa na Makambako wameelekezwa B. Saa moja baadaye ankara namba 48213 ipo mara mbili, ya wateja wawili tofauti, na mifuko 200 ya mbolea ya DAP imeuzwa kutoka stoo ileile kwa vitabu viwili. Hakuna amri ya PostgreSQL inayounganisha vitabu hivyo. Ni mhasibu na kalamu, siku kadhaa.

Seva mbili haziwezi kutofautisha kifo cha mwenzake na kukatika kwa waya. Anahitajika wa tatu, aliye mahali pa tatu, ili maamuzi yapite kwa akidi, yaani zaidi ya nusu ya wapiga kura. Wapiga kura watatu wanavumilia kumpoteza mmoja. Watano wanavumilia wawili. Wanne hawakuongezei kitu, wanavumilia mmoja vilevile.

Wa tatu hahitaji kuwa seva kubwa. Ukitumia Patroni (programu inayosimamia uhamisho wa PostgreSQL) pamoja na etcd (inayopiga kura na kutunza habari za nani kiongozi), nodi, yaani mashine, ya tatu ya etcd inaweza kukaa tawi la Iringa kwenye kompyuta ndogo. Sharti ni diski: etcd inaandika na kusubiri diski ithibitishe kila mara, na inataka uthibitisho huo uje chini ya milisekunde 10. Kadi ya SD itakuangusha, weka SSD. Kwa njia ya Iringa inayoyumba, panua mapigo (ishara za kiongozi kuonyesha yuko hai) kutoka milisekunde 100 za kawaida hadi 300, na muda wa uchaguzi kutoka 1000 hadi 3000, kwenye nodi zote tatu. Usipofanya hivyo utaona kiongozi anabadilika mara kwa mara bila kitu kuharibika.

Unaweza pia kuiweka kura ya tatu kwenye wingu, Johannesburg au Cape Town. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inaweka masharti ya kupeleka taarifa za watu nje ya nchi, lakini nodi ya kura haibebi majina wala madeni ya wateja, inabeba habari za nani kiongozi tu. Nakala kamili ya kanzidata nje ya nchi ni suala jingine. Hilo mwanasheria alione kwanza.

Kama huwezi kupata mahali pa tatu, usiweke uhamisho wa kujiendesha. Mtu mwenye simu na funguo za chumba cha seva ndiye kura ya tatu.

Kujenga

Seva zote ziwe na toleo kuu moja la PostgreSQL na toleo moja la mfumo endeshi. Hili la pili hupuuzwa. Maktaba ya glibc ya Linux ilibadilisha mpangilio wa herufi kuanzia toleo 2.28, hivyo ukiwa na seva kuu ya zamani na ya akiba mpya, faharasa za majina zitakuwa zimepangwa kwa kanuni moja na kusomwa kwa nyingine. Siku unayohamia, mteja aliyemo kwenye jedwali haonekani ukimtafuta. Saa za seva zote ziongozwe na chrony.

Kwenye seva kuu, hakikisha wal_level ni replica (WAL ni kumbukumbu ya kila badiliko, ndiyo inayotumwa kwa seva ya akiba), washa wal_log_hints (inahitaji kuwasha upya, kwa hiyo fanya mapema), na ruhusu mtumiaji wa replikesheni kwenye pg_hba.conf (faili la ruhusa za kuingia) kwa anwani za seva ya akiba tu. Kisha ukiwa kwenye seva ya akiba, folda ya data ikiwa tupu:

pg_basebackup -h 10.20.1.11 -U replika -D /var/lib/postgresql/16/main -X stream -C -S uyole -R -P

Kiambishi -R kinaandika standby.signal na maelekezo ya kuunganika. -C na -S vinaunda sloti (alama inayoiambia seva kuu itunze mabadiliko ambayo seva ya akiba haijayachukua) yenye jina uyole. Kanzidata ya GB 60 kwenye njia ya megabiti 100 kwa sekunde inachukua kama saa moja na dakika 20. Kwenye njia ya megabiti 10 ni zaidi ya saa 13, na hapo basi la asubuhi la Mbeya–Iringa linaishinda intaneti: tengeneza kwanza sloti ya iringa kwa pg_create_physical_replication_slot('iringa', true), ile true ikiiambia ianze kutunza papo hapo, chukua nakala kwenye diski ya nje iliyofungwa kwa nenosiri, msafirishe fundi, na sloti itatunza mabadiliko yote ya njiani.

Sloti hiyohiyo ndiyo itakayokuua usipoiwekea mpaka. Seva ya Iringa ikizimwa wiki nzima, seva kuu inatunza mabadiliko yote ikiisubiri, diski inajaa, na kanzidata inasimama. Yaani seva ya akiba imeiua ile iliyopaswa kuiokoa. Pima unazalisha kiasi gani: soma pg_current_wal_lsn() (mahali WAL ilipofika) saa mbili asubuhi na saa kumi na moja jioni, toa kwa pg_wal_lsn_diff. Ukipata GB 4 kwa siku, weka max_slot_wal_keep_size iwe GB 20, uhakikishe nafasi hiyo ipo kweli. Ikizidi hapo, sloti inavunjwa na utalazimika kunakili upya, lakini duka linaendelea kuuza.

Kusubiriana au kutosubiriana? Bila kusubiriana, seva kuu ikifa ghafla unapoteza yaliyokuwa hayajavuka, mara nyingi chini ya sekunde moja mtandao ukiwa mzima. Ukiweka kusubiriana na seva ya akiba moja tu, ya akiba ikizimika kila muamala kwenye seva kuu unaganda ukisubiri jibu lisilokuja. Kwa seva kuu na za akiba mbili andika:

synchronous_standby_names = 'ANY 1 (uyole, iringa)'

Majina hayo ni application_name ya kila seva ya akiba, si jina la sloti. Mkanganyiko huo unakula asubuhi nzima. Patroni yenye synchronous_mode inakurahisishia: ya akiba ikipotea, kuu inaendelea peke yake, na Patroni inakataa kumpandisha asiyekuwa sawa na mwenzake.

Kwa Patroni, thamani za kuanzia zinafaa: ttl sekunde 30, loop_wait 10, retry_timeout 10. Tegemea uhamisho ndani ya sekunde 30 hadi 45. Usishushe ttl hadi 20 ili kumfurahisha bosi. Kwenye mtandao wetu utapata uhamisho usiohitajika kila mvua ikinyesha. Washa watchdog ya Linux, ili seva kuu iliyoganda nusu ijizime yenyewe kabla mwingine hajapandishwa.

Wa MySQL: InnoDB Cluster inataka wanachama watatu kwa sababu ileile ya akidi, na Galera ina garbd kwa kura isiyobeba data. Wa SQL Server Standard: Basic Availability Group inabeba kanzidata moja tu kwa kila kundi, hivyo mfumo wenye kanzidata tatu unaotegemeana unaweza kuhama vipande vipande. Mengine yote humu yanawahusu.

Na bakapu ibaki palepale. Amri ya DELETE (futa) iliyosahau WHERE (sharti la nini kifutwe) inavuka hadi Uyole kwa milisekunde. Tumia pgBackRest, tunza wiki mbili za kurudi nyuma, na rejesha nakala moja kwenye kompyuta tupu kila mwezi. Kama Iringa ni seva ya tahadhari tu, recovery_min_apply_delay ya saa 1 inakupa muda wa kuisimamisha kwa pg_wal_replay_pause() kabla kosa halijatekelezwa huko; kuchomoa waya hakutoshi, maana mabadiliko yameshapokelewa.

Programu nayo ihame

Kanzidata ikishahamia Uyole kwa sekunde 40, programu inaweza kubaki imekodoa macho kwa saa mbili. Linux kwa kawaida inangoja sekunde 7200 kabla ya kuanza kuuliza kama upande wa pili wa muunganisho uko hai. Andika kwenye maelezo ya kuunganika:

host=10.20.1.11,10.20.2.11 port=5432 target_session_attrs=read-write connect_timeout=3 keepalives_idle=30 keepalives_interval=5 keepalives_count=3 tcp_user_timeout=10000

Kwa Java, weka seva zote mbili kwenye anwani na targetServerType=primary. Ukipitia HAProxy (programu ya kuelekeza miunganisho kwenye seva sahihi), ipime Patroni kwenye poti 8008, njia /primary, na uongeze on-marked-down shutdown-sessions ili miunganisho ya zamani ikatwe. Anwani ya IP inayohama kwa keepalived inafaa ndani ya mtandao mmoja wa jengo. Haitaruka kutoka Mwanjelwa hadi Iringa.

Kisha fuata njia ya keshia wa Tunduma kwa kidole. VPN yake inaishia wapi? Kama ruta ya VPN na seva ya programu vyote viko Mwanjelwa, kuhamishia kanzidata Uyole hakumsaidii kitu umeme wa Mwanjelwa ukikatika.

Jambo la mwisho upande huu ni muamala uliokatikia katikati. Keshia amebonyeza "hifadhi", seva imeandika, jibu limepotea njiani, anabonyeza tena. Kila ankara ipewe kitambulisho na kompyuta ya kaunta kabla ya kutumwa, na kanzidata ikatae kitambulisho kilichojirudia. Malipo ya simu na risiti za EFD viko nje ya kanzidata yako, kwa hiyo baada ya kila uhamisho wa dharura mhasibu alinganishe kumbukumbu za dakika tano za mwisho. Mweleze pia mapema kwamba namba za ankara zinaweza kuruka hadi 32 kwa kila mfululizo: PostgreSQL huandika namba 32 mbele, na seva mpya inaanzia mwisho wa hizo. Bila kuelezwa atadhani kuna aliyefuta ankara.

Karatasi ya ukutani

Kwa wanaohamisha kwa mkono, hatua hizi ziandikwe na kubandikwa chumba cha seva, na nakala iwe kwenye simu za watu wawili.

1. Thibitisha kifo kutoka sehemu mbili, mfano Uyole na Makambako. Mmoja akiiona seva kuu, tatizo ni mtandao; usihamishe bado.
2. Iue seva kuu. Chomoa waya wa mtandao au izime umeme, na uzuie huduma yake isijiwashe umeme ukirudi. Usiruke hatua hii hata bosi akiwa amesimama nyuma yako.
3. Kwenye seva ya akiba andika pembeni matokeo ya pg_last_wal_receive_lsn().
4. SELECT pg_promote();
5. Elekeza programu, uza kitu cha majaribio, kione kwenye ripoti.
6. Chukua bakapu mpya.

Seva ya zamani usiiwashe "ione kama imepona". Irudishe kwa pg_rewind (inayoirekebisha ilingane na seva kuu mpya), ikishindikana ifute na unakili upya, na irudi ikiwa ya akiba. Kama zote mbili zilizimika kwa pamoja, tangulia kuwasha ile iliyokuwa kuu mara ya mwisho kabla hazijazimika.

Ufuatiliaji ni mfupi: tahadhari ya SMS, inayotumwa kwa modemu yake na si kwa intaneti ileile, pale seva ya akiba ikichelewa zaidi ya MB 16, sloti ikilala, au diski ikifika asilimia 80. Pima ucheleweshaji kwa baiti kutoka pg_stat_replication. Ukipima kwa saa ya muamala wa mwisho, utaamshwa kila usiku duka likiwa limefungwa.

Zoezi lifanyike kila miezi mitatu, Jumapili mchana, si mwisho wa mwezi. Usizime seva kwa amri safi tu, maana hiyo inafanikiwa siku zote. Chomoa waya. Zima swichi. Gandisha mchakato wa PostgreSQL kwa kill -STOP uone kama mfumo unamtambua aliye nusu hai. Kisha baki kwenye seva ya akiba wiki nzima ya kazi. Seva ya Uyole yenye RAM nusu ya mwenzake itajisema yenyewe Jumatatu saa tatu asubuhi. Muda wa zoezi hesabu kuanzia waya kuchomolewa hadi keshia wa Tunduma kuuza tena. Ukizidi ule mwenye biashara alioandika mwanzoni, tafuta ni hatua ipi imekula dakika, irekebishe, na zoezi lirudiwe mwezi huohuo.